Lililoharibika Kwanza

Shule yetu ilifunguliwa kila siku Mama alipovua viatu. Alikuwa akifika kutoka zamu ya usiku saa mbili kasorobo asubuhi. Anaviacha viatu vyeupe nje ya mlango, ananawa mikono mpaka kwenye viwiko kama bado yuko wodini, kisha anaketi mezani na kusema, "Haya, Hannah, tuliishia wapi?" Hannah ni dada yangu. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza hiyo hiyo nakunywa chai, maana chumba kilikuwa kimoja na pazia katikati. Tuliishi Abu Hamour, katika vila kubwa iliyokatwakatwa kwa mbao ikawa nyumba saba. Yetu ilikuwa ile ya nyuma, karibu na tangi la maji.

Tulikuja Doha, Qatar, mwaka 2007. Baba, Douglas Mwangi, alikuwa ametutangulia miaka miwili. Anaendesha basi la kupeleka mafundi wa ujenzi Lusail alfajiri na kuwarudisha jioni. Mama, Virginia, alipopata kazi ya unesi, nasi tukafuata. Hannah alikuwa na miaka kumi na mmoja, mimi saba. Nilikuwa nimemaliza darasa la pili kule Nyahururu, na hilo ndilo darasa langu la mwisho lenye ubao. Shule za hapa zilikuwa na foleni ndefu na karo ambayo haikuwafikiria watu wa basi na wodi. Mama alizunguka mwezi mzima na mafaili yetu kwapani. Mwishowe akanunua vitabu mtaa wa Al Sadd, vingine vya mitumba vyenye majina ya watoto wa Kihindi ndani, akaviweka mezani, akasema, "Basi. Tutaanza na tunachojua."

Alichojua yeye ni unesi, kwa hiyo shule iliendeshwa kama wodi. Kulikuwa na daftari kubwa jeusi la ripoti. Kila somo liliandikwa saa lilipoanza na saa lilipoisha, nani amekosa nini, na mara ngapi. Mama akikosea kuandika hakufuta wala hakupaka ile rangi nyeupe. Alikata mstari mmoja, akaweka herufi za jina lake pembeni, akaendelea. Ikifika saa nne na nusu, macho yake yakiwa yameanza kujifunga, Baba alikuwa amesharudi kutoka Lusail na ameoga. Hapo ndipo tulipokabidhiwa. Mama anasimama upande huu wa meza, Baba upande ule, sisi tumeketi katikati kama wagonjwa, naye anasoma ripoti.

Makabidhiano yalikuwa na sheria moja: lililoharibika kwanza. Mama alisema nesi anayeanza na habari njema anaficha kitu, na mgonjwa hufa kwa kile kilichofichwa.

"Lililoharibika," anaanza. "Hannah amekosa swali la sita mara tatu, na amejibu kwa kiburi. Huyu mdogo hajagusa insha. Mkate umeisha."

"Mkate nao ni somo?" Baba anauliza.

"Ni hali ya wodi."

"Sawa. Na lililo zuri?"

"Swali la saba mpaka la kumi na mbili amepata yote. Mimi nalala. Msiniamshe ila kwa damu au moto."

Anaingia nyuma ya pazia. Baba anavuta kiti, anavaa miwani yake ya dukani, na zamu yake inaanza. Zamu hiyo iliisha saa nane mchana alipoondoka kwenda kuchukua watu wake. Yeye hakuijua fizikia kwa jina, aliijua kwa spana. Kitabu kikisema nguvu na umbali, yeye alitoka nje akarudi na jeki ya basi. Julai moja kiyoyozi chetu kilikufa, na kwa Doha hilo si jambo la kungoja kesho. Baba akakishusha sakafuni, akamwambia Hannah, "Mimi sishiki kitu. Wewe niambie umeme unaingia wapi na unakwama wapi." Mama alikuwa amelala kwenye jasho. Hannah alikaa mbele ya lile sanduku saa mbili na kitabu chake cha fizikia mapajani, mpaka akapata waya uliolegea nyuma ya kapasita. Alikuwa na miaka kumi na minne. Hakurukaruka. Alirudisha skrubu zote, akazihesabu, akanawa mikono, akaketi kumaliza somo.

Nadhani ndoto yake ilianza pale, lakini ilijitokeza kwenye sikukuu ya taifa ya Qatar, Desemba ya mwaka uleule, tukiwa Corniche, barabara ya ufukweni, na watu wengine elfu nyingi. Ndege za kivita zilipita juu zikiacha moshi wa rangi ya zambarau. Kila mtu ameinua simu. Hannah akamvuta Baba mkono.

"Baba, nani amezikaza?"

"Nani amekaza nini?"

"Bolti. Za zile ndege."

Baba akasema ni wanajeshi, kuna wanajeshi ambao kazi yao ni spana tu, bunduki wanaijua lakini haiwalishi. Hapa kazi hizo zina wenyewe. Lakini Kenya pia kuna Jeshi la Anga, na wanakuchukua, wanakufundisha ufundi wa ndege wao wenyewe. Kesho yake kwenye daftari la ripoti, mahali pa maoni ya mwanafunzi ambapo sisi huwa hatuandiki kitu, Hannah aliandika: Nataka kuwa fundi wa ndege, Jeshi la Anga.

Mama akausoma ule mstari wakati wa makabidhiano. Akauweka kwenye lililo zuri, baada ya kufikiri kidogo.

Hannah aliufanya mtihani wa kidato cha nne wa Waingereza akiwa mtahiniwa wa nje, kwenye ukumbi wenye watoto mia wa shule kubwakubwa. Alirudi akasema wenzake walimuuliza anatoka shule gani, akawajibu, "Ya nyuma, karibu na tangi." Alipata alama nzuri katika hesabu na fizikia, na Nairobi wakatoa barua ya kuthibitisha kwamba mtihani huo unalingana na wa kwetu. Hiyo ilikuwa 2014. Mwaka uliofuata, Oktoba, tangazo la kuandikishwa jeshini likatoka. Kaunti yetu ilipewa nafasi mbili za ufundi wa ndege. Siku moja tu, Novemba, uwanjani Nyahururu. Mtu ajitokeze mwenyewe, na vyeti vyake halisi.

Mafunzo ya mwili aliyachukua Ami Idrisa. Huyu alikuwa askari wa geti wa kompaundi ya jirani, Mtanzania wa Tanga, aliyepitia JKT, jeshi la kujenga taifa, ujanani na bado anatembea kama ameshika kitu begani. Akimaliza swala ya alfajiri alikuja kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya vila, Hannah anakimbia, yeye anahesabu mizunguko kwa tasbihi.

"Inua goti, binti. Goti hilo umelikopa?"

"Nimechoka, Ami."

"Nyie Wakenya hata kuchoka mnakusema kwa ukali. Kiswahili mnaongea kama mnapigana nacho."

"Na nyinyi mnakiongea kama mnakibembeleza kilale."

"Ndiyo, na kinalala, kinaamka na adabu. Mizunguko minne." Kisha akamfundisha jambo ambalo Hannah alilirudia kwangu usiku ule ili asilisahau: "Afande akikuuliza, jibu alichouliza, basi. Usimpe zawadi ya maneno."

Shida ilikuwa mstari mmoja kwenye tangazo. Pamoja na vyeti vya mtihani walitaka cheti cha kumaliza shule, chenye sahihi ya mwalimu mkuu na muhuri. Tuliusoma mstari huo sote wanne, simu ikizunguka meza.

"Mwalimu mkuu ni mimi," Mama akasema. "Nitaandika barua. Mimi Virginia, mama yake, nimemfundisha nyumbani miaka minane, tabia yake ni hii na hii. Nitatia sahihi."

"Bila muhuri?" Baba akauliza.

"Muhuri nitautoa wapi?"

"Virginia, umekaa huku ukasahau kwetu. Kenya karatasi bila muhuri ni ya kufungia njugu. Wataitupa kabla hawajafika kwenye jina lako." Akashusha sauti. "Kuna Mhindi Al Sadd anachonga mihuri. Jina lolote unalotaka."

"Jina gani?"

Baba alikuwa ameshalifikiria. "Abu Hamour Hill Academy."

"Kilima kiko wapi Abu Hamour?"

"Academy zote zina kilima."

Hannah akacheka, Mama hakucheka. Alisema hajawahi kutia sahihi kwenye dawa ambayo hakuitoa, na hataanza na mtoto wake. Tena tangazo lenyewe lilisema, kwa herufi nzito, atakayeleta karatasi bandia atakamatwa hapo hapo. Baba akasema sawa. Akasema sawa mara mbili. Mama akaandika barua yake ya ukweli ukurasa mmoja, Hannah akaitia kwenye bahasha pamoja na vyeti, na mambo yakaishia hapo. Ila siku mbili kabla ya safari niliona kidole gumba cha Baba kina wino wa zambarau. Nilimwangalia, naye akakikunja ndani ya ngumi. Sikumwambia Mama.

Hannah aliondoka Jumatano. Kwenye uwanja wa ndege Baba alibeba bahasha muda wote kama mtoto mchanga.

Siku ya uandikishaji ilikuwa Jumanne. Hannah alikuwa amefikia kwa cucu, nyanya yetu, na Anko Reuben, ndugu yake Mama, ndiye aliyemsindikiza uwanjani kabla ya jua kutoka. Simu ya Hannah aliishika Anko, kwa sababu wanaopimwa hawaruhusiwi kuwa na simu. Alitutumia ujumbe saa moja: Foleni ni ndefu kama ya mtihani wa dereva. Saa tatu: Wamepima meno. Saa nne: Wanakimbia. Mama alitukabidhi saa nne na nusu kama kawaida, ingawa kitandani mwake nilisikia hageuki kama mtu anayelala. Baba akaketi na mimi. Tulikuwa kwenye sehemu na asilimia. Hakuna aliyekuwa anaziona.

Saa tano kasoro dakika chache simu ya Baba ikalia kwa WhatsApp. Ni ya Anko Reuben. Baba akaweka sauti ya nje, taratibu, asimwamshe Mama.

"Reuben, vipi, wamemchukua?"

"Mimi si Reuben," ikasema sauti ya mwanamke. Nyuma yake kulikuwa na filimbi na watu wengi. "Huyu Reuben wako yuko hapa kwenye ua, ameniazima simu. Mimi ni afande niliye kwenye meza ya vyeti. Nina barua hapa ya Abu Hamour Hill Academy. Mwalimu mkuu ameandikwa D. Mwangi, na namba ni hii. Ndiye wewe?"

Baba akasimama. Sijui kwa nini alisimama, hakuna aliyemwona ila mimi. Akaangalia pazia. Akaniangalia mimi. Mkono wake ulikuwa umeshika pembe ya kitambaa cha meza na unakivuta kidogo kidogo, vikombe vinakuja navyo.

"Ndiye," akasema. "Ndiyo, afande. Ni ofisi ya... ya shule."

Nilijua, hata bila kuambiwa, kwamba bahasha ilikuwa na barua mbili, ya Mama na ya kilima, na kwamba wameiona ya kilima. Nilijua pia Hannah amesimama mbele ya meza hiyo sasa hivi, pengine anasikia kila neno. Sisi hatukujua yeye amesema nini. Kama amesema shule ipo, Baba akisema haipo, amekwisha. Kama amesema haipo, Baba akisema ipo, amekwisha vilevile, na polisi wako uwanjani.

"Vizuri, bwana mwalimu mkuu," afande akasema. "Nipe ripoti ya huyu mwanafunzi. Fupi. Nina watu mia nne."

Angemuuliza kitu kingine chochote, shule ina wanafunzi wangapi, ilianza lini, mimi naamini Baba angeendelea kuwa mwalimu mkuu. Alikuwa ameshajinyoosha shingo. Lakini aliulizwa ripoti, na saa ilikuwa hiyo, na alikuwa amesimama upande wake wa meza kama alivyosimama miaka minane.

"Lililoharibika kwanza," Baba akasema.

Filimbi ikalia kule Nyahururu. "Ehe?"

Baba akafumba macho. Akayafumbua. "Lililoharibika ni hiyo barua, afande. Nimeiandika mimi. Muhuri nilichongesha Al Sadd. Shule hakuna, kilima hakuna. Mama yake alikataa, na mtoto hajui chochote. Niliitia kwenye bahasha uwanja wa ndege, yeye akiwa msalani."

"Endelea."

"Bado lililoharibika?"

"Kama lipo."

"Lipo. Hannah ana kiburi akikosolewa bila sababu. Kiswahili chake cha kuandika si kizuri. Hesabu ikimshinda analia, lakini haachi, analia huku anaandika, usishtuke. Na kukimbia amejifunzia mahali pasipo na mlima, kwa hiyo huko kwenu pumzi inaweza kuwa imemkata."

"Imemkata," afande akasema. "Ametapika kwenye kona ya pili. Lakini amefika. Na lililo zuri?"

Hapo Baba alikwama. Macho yalimjaa machozi, na mtu mzima akilia mimi huangalia daftari.

"Lililo zuri ni jingi, afande," akasema. "Sikulipanga."

Pazia likafunguka. Mama alitoka na khanga na nywele za usingizi, hakuuliza kitu, maana pazia si ukuta. Alinyoosha mkono, Baba akampa simu kama anayekabidhi funguo.

"Afande, mimi ni Virginia, nesi, mama yake. Mwalimu wake ni mimi asubuhi, na huyu bwana mpaka saa nane. Kuna barua yangu humo ndani. Haina muhuri."

"Nimeiona. Ilikuwa chini."

"Hiyo ndiyo ya kweli. Na nina madaftari kumi na manne ya kila siku aliyosoma. Ukitaka nitakusomea tarehe yoyote."

"Usinisomee, mama. Jua linawaka hapa." Kisha tulisikia karatasi. "Huyu msichana nilipomtolea hii barua ameiangalia mpaka nikadhani atazimia. Akaniambia hakuna shule kama hiyo, nimesomea nyumbani, muhuri huu ni wa baba. Hata kilima alinitajia. Nikasema acha nimpigie huyo baba, nione kama ukweli ni wa familia au ni wa huyu mmoja. Bwana mwalimu mkuu, ungeniletea ofisi ya shule mpaka mwisho, ningewaita wale askari pale kwenye lango, nao wasingekutafuta wewe huko Qatar. Wangeondoka na huyu."

"Hii nachana. Mnasikia?" Tukasikia. "Vyeti vya mtihani ni vyake, na Nairobi wameshavithibitisha. Tabia yake, chifu wa huko kwa nyanya yake ataandika mistari miwili, amwone leo. Sasa anaingia kwenye jaribio la mafundi na wenzake kumi na mmoja. Nafasi ni mbili. Akishindwa, atashindwa kwa mkono wake." Akakata.

Mama aliweka simu mezani, akakirudisha kitambaa mahali pake, na vikombe.

"Akiwa msalani," akasema.

"Nilikuwa na wasiwasi."

"Mimi pia nina wasiwasi, Douglas. Sijachonga muhuri."

"Nimekosa."

"Najua. Nimesikia, umeanza nalo." Akavuta kiti akaketi, akaniuliza tulikuwa wapi. Nikamwambia asilimia. Tukaendelea na asilimia sisi watatu, na sikumbuki siku nyingine ambayo nilikuwa na walimu wawili kwa wakati mmoja. Baba alikosea swali ambalo mimi nilipata. Mama akaandika.

Saa nane Baba alilazimika kwenda Lusail. Alituachia simu, jambo ambalo hajawahi kufanya, akaenda na basi lake bila simu. Ami Idrisa alipita mara tatu mlangoni akisingizia maji. Mara ya tatu Mama akamwambia aingie tu akae, akakaa kwenye kizingiti na tasbihi yake.

Kilichotokea kwenye jaribio Hannah alikuja kutusimulia baadaye. Waliketishwa kwenye hema. Kwanza karatasi ya hesabu na fizikia, dakika arobaini. Kisha kila mmoja akapewa sahani ya chuma yenye bolti nne, koleo na waya mwembamba, wazifunge bolti kwa waya zisiweze kujifungua zenyewe. Ndivyo zinavyofungwa kwenye ndege. Kijana aliyekuwa kando yake, wa chuo cha ufundi, akamnong'oneza, "Wewe wa Dubai, huko hamkufundishwa hii?"

"Qatar," Hannah akasema.

"Kote ni mchanga."

Yeye alikuwa hajawahi kuona kazi hiyo maishani. Akainua mkono, akamwambia msimamizi, "Sijui hii, afande. Naomba kuonyeshwa mara moja." Wengine walicheka. Msimamizi alimwonyesha mara moja, haraka, bila maelezo. Hannah akafanya bolti ya kwanza ikakataa, akaikata akaanza upya, akafanya zote nne. Yule wa chuo alimaliza mbele yake, tena vizuri sana. Wawili kati ya wale waliocheka walifunga waya upande unaofungua bolti badala ya ule unaoikaza.

Saa kumi na moja na robo Anko Reuben akapiga. Mama alikuwa amevaa sare tayari, gari la hospitali lingepita saa kumi na mbili. Anko alimpa Hannah simu.

"Mama."

"Eh."

"Wametuita wawili. Wa kwanza ni kijana wa chuo. Wa pili ni mimi."

Mama aliketi kwenye kizingiti kando ya Ami Idrisa. "Umekula?" akauliza.

"Bado."

"Kula. Kisha uende kwa chifu kabla hajafunga."

"Tumeshaenda. Alikuwa hapa uwanjani anatazama. Ameandika kwenye goti lake." Kisha akauliza, "Baba yuko?"

"Yuko na watu wake."

"Mwambie sina kinyongo. Mwambie nilijua muhuri ule ni yeye nilipoona neno Hill."

Ami Idrisa akasema Alhamdulillahi, akainuka, akasema binti amemtia aibu kwa kutapika lakini atamsamehe. Mama akaenda kazini. Mimi nilingoja basi kwenye kona ya barabara. Lilipofika likiwa limejaa watu na vumbi la Lusail, Baba alifungua mlango kabla halijasimama sawasawa. Nikainua vidole viwili, kumaanisha wa pili. Akadhani namaanisha saa mbili, kwamba tungoje mpaka saa mbili. Ikabidi nipande nimwambie. Mafundi wote walikuwa wanatuangalia, Wanepali na Wabangladeshi na wengine, na hawakujua ni nini, lakini mmoja mbele alianza kupiga makofi, na wengine wakafuata kwa sababu siku ilikuwa imeisha na walikuwa wanakwenda kuoga.

Hannah aliingia kambini kabla ya Krismasi. Simu huruhusiwa mara chache. Anasema chakula ni kingi, baridi ni nyingi, na usingizi ni mfupi lakini mzuri. Bado hajagusa ndege. Kwanza ni kwata, kisha darasa, kisha ndege, kwa mpangilio huo. Nilimuuliza kama darasa lenye ubao ni gumu. Akasema mwalimu anaongea na watu arobaini kwa pamoja, na hajui nani hajaelewa, kwa hiyo inabidi umwambie mwenyewe. Wengine wanaona aibu. Yeye haoni.

Mimi sasa natumia upande wake wa meza, ulio karibu na dirisha.

Mwezi wa Mei miezi sita ilitimia tangu atoke Qatar, na mtu akikaa nje muda huo kibali chake cha kuishi kinakufa chenyewe. Baba alikwenda kukifunga rasmi, nikamsindikiza. Karani alikuwa kijana mwenye kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Akatazama kadi ya Hannah, ile picha yake ya miaka kumi na saba aliyokataa kutabasamu, akamuuliza Baba kwa Kiingereza kifupi, binti harudi?

"Harudi," Baba akasema.

"Kuna tatizo?"

Baba akafikiri. Nilimwona anatafuta kama lipo.

"Hakuna," akasema. "Yuko kazini."

Karani akaikata kadi katikati kwa mkasi, akaturudishia kipande chenye picha, nasi tukatoka nje kutafuta basi pale tulipoliegesha.